Mashine ya Kutembea Umesimama

Madamu wa Kiyovu alikuwa na gari la kumfikisha kanisani, mpishi, mfuaji, mtu wa bustani, na mashine ya kumtikisa. Hivyo vingine nilishavizoea, kwa sababu nyumba nyingi za Kiyovu, mtaa wa Wazungu na wakubwa wa Kigali, wakati ule zilikuwa hivyo. Mashine ndiyo ambayo mpaka leo nikiikumbuka mate yanageuka machungu mdomoni. Lakini mashine ni chuma tu. Habari ninayoiandika ni ya miguu ya mke wangu na ya ulimi wangu mimi, na nikimaliza kuiandika sitazamii mtu anihurumie.

Mimi ni fundi cherehani wa Biryogo, mtaa wa Waswahili chini ya Kiyovu. Baba alikuwa fundi, na baba yake alikuja na wafanyabiashara kutoka pwani, akaoa hapa, akatuachia dini, Kiswahili na namna ya kudarizi shingo ya kanzu. Nyumba yetu ilipangwa kama nyumba zote za mafundi wa mtaa ule. Mbele, barazani, cherehani mbili na wanaume wanaozungumza. Nyuma, chumba chenye mkeka, na juu ya mkeka mwanamke. Sisi wa mbele tulikata na kupiga mishono ya cherehani. Wa nyuma walifanya kila kinachotaka mkono: matundu ya vifungo, pindo, bitana, darizi. Mteja akisifu tundu la kifungo, aliyeitikia ahsante alikuwa wa mbele. Hakuna aliyeona kasoro katika mpango huo, na mimi nilikuwa wa mwisho kuiona.

Baba alinifundisha jambo moja kabla hata hajanifundisha kukata kola. Mteja akirudi nguo imembana, humwambii amenenepa. Tangu siku ya kwanza unaacha vidole viwili vya kitambaa ndani ya mshono, na siku akirudi unaipokea nguo kwa uso mkunjufu, unasema kuna kitu kidogo cha kurekebisha, unafumua, unaachia, unamrudishia. Anavaa, anapumua, anakusifu. Mafundi wote wa Biryogo walifanya hivyo, na tuliuita mchezo huo adabu. Nilikuwa hodari wa adabu hiyo kuliko baba yangu.

Mume wa madamu alikuwa mshauri wa mambo ya barabara. Alikuja kutujengea barabara ambazo mke wake hakuwahi kuzikanyaga. Nilikwenda kwao kila wiki, kwa sababu madamu alikuwa na karamu nyingi na kila karamu ilitaka gauni lake. Siku moja nilimkuta kwenye chumba cha pembeni amesimama juu ya bamba la chuma. Mbele yake nguzo, juu ya nguzo mota, na kutoka kwenye mota mkanda mpana wa turubai uliomzunguka kiuno. Alibonyeza kitufe, na kila kitu chake kikaanza kutetemeka, kuanzia vifundo vya miguu mpaka mashavu. Nilitazama sakafu. Yeye aliendelea kunieleza mambo ya mikono ya gauni huku sauti ikimkatikakatika kama redio mbovu.

Alinieleza na habari za mashine pia, kwa Kifaransa, ambacho nilikijua kiasi cha kupima viuno na kupokea sifa. Mwili unaokaa kutwa unaharibika, alisema. Damu inalala, nyama zinalala. Mashine inaziamsha. Robo saa juu yake ni sawa na kuushuka mlima wote wa Kiyovu na kuupanda tena, na mtu hatoki hata jasho. Dirisha lilikuwa wazi. Mlima wa Kiyovu ulikuwa pale pale nje ya geti, bure, na wanawake wenye vikapu vya ndizi kichwani walikuwa wanaupanda. Nikasema, wi madamu.

Baada ya wiki tatu alitaka nimpime. Nilizungusha futi kiunoni kwake, nikaona ameongezeka kidole kizima. Alikuwa ananitazama machoni kwa hamu, kama mtu anayengoja majibu ya mtihani. Nikamwambia amepungua. Nilichukua lile gauni lake la kijani lililokuwa limeanza kumkaba, nikasema nitaliingiza kidogo kwenda na mwili mpya. Nyumbani nikalifumua, nikaliachia. Siku ya kumrudishia, zipu ilipanda mpaka juu bila kukwama hata mara moja. Akapiga makofi mbele ya kioo. Halafu akaenda kuigonga ile mashine kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayempongeza ng'ombe wake.

Nilitoka pale nikiwa nacheka. Nilikuwa nimemvika kilemba cha ukoka, naye kakivaa akaenda nacho karamuni. Alikwenda kuwasimulia wenzake. Wawili wakaagiza mashine zao kutoka Ulaya, na wote wakaanza kuniita mimi, kwa sababu ni kwenye magauni yangu peke yake mashine ilionekana kufanya kazi. Aliyejaribu fundi mwingine alijikuta amebanwa, akamlaumu fundi. Kila wiki niliteremka kutoka Kiyovu na furushi kubwa kuliko la wiki iliyopita. Barazani walianza kuniita fundi wa mabalozi, nami nilivimba kichwa.

Furushi hilo lilikuwa na mtu wa kulimaliza, na mtu huyo hakuwa mimi.

Nilipomwona mke wangu mara ya kwanza alikuwa anatembea. Watu wake walikuwa wachuuzi wa upande wa Rwamagana, na yeye na mama yake walibeba khanga na chumvi kichwani kutoka gulio mpaka gulio, kilima baada ya kilima. Alikuwa na mwendo mrefu, shingo imenyooka, na mzigo hautikisiki. Ni mwendo ule nilioupelekea posa. Nikaupata, nikauleta Biryogo, nikaukalisha kwenye mkeka. Miaka ya mwanzo kazi ilikuwa ya kiasi, aliinuka, alikwenda kuwaona wagonjwa, alikwenda sokoni mwenyewe. Yalipoanza kuja magauni ya Kiyovu, sokoni nikawa natuma mtu. Alikaa baada ya chai ya asubuhi, mguu mmoja chini ya mwingine, subana kidoleni, akainuka kwa sala na kwa sufuria, akakaa tena mpaka magharibi. Binti yetu alikuwa ameshaolewa Bujumbura, kwa hiyo hapakuwa na wa kumpokea kazi.

Hata yeye nilimdanganya. Nilimkabidhi gauni lililoachiwa nikamwambia madamu amepungua, nimeingiza mishono, rudishia bitana. Sikutaka maneno yatoke jikoni kwangu yafike jikoni kwa madamu, kwa sababu wapishi wa Kiyovu wengi walikuwa wanakaa mtaani kwetu. Alilipokea gauni, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye mshono, akaanza kushona. Hakuuliza kitu. Nikajisemea, mke mwema huyu, hana maswali.

Miguu ilianza kwa ganzi. Alisema anahisi kama amevaa soksi wakati hajavaa. Kisha ikavimba, kandambili zikawa hazimuingii jioni, na maji ya mtungini yakawa yanakwisha mapema kwa kiu yake. Nilimpeleka zahanati. Muuguzi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kukata, alimbonyeza miguu kwa kidole, akatazama shimo lililobaki kwenye nyama, akaniuliza mimi kazi yake ni nini. Nikasema hana kazi, yuko nyumbani.

"Nashona," mke wangu akasema.

Muuguzi akanigeukia. "Huyu mama iko anakaa sana. Atembee kira siku, asubuhi na jioni. Si kwenda choo, ni kutembea. Na umurudishe mwezi ujao, tupime mkojo."

Wakati wa kurudi alitangulia. Miaka mingi nilikuwa sijamwona mgongo njiani. Alikwenda polepole, kwa miguu ile ile iliyovimba, lakini alitangulia, na kwenye njia panda akachukua njia ndefu bila kuniuliza. Mimi nilimhimiza tufike, kwa sababu Idi ilikuwa inakaribia na kanzu zilikuwa zimejaa mezani.

Siku ile ile akaniomba. Kila siku baada ya alasiri, alisema, aende mpaka mwisho wa Nyamirambo, mtaa wa jirani, na kurudi, basi. Nilikuwa na majibu mengi. Kwanza kazi. Halafu macho ya watu. Kwetu mwanamke anatoka kwenda sokoni, msibani, kwa mgonjwa, harusini. Mke wa fundi akipita mtaani kila siku mikono mitupu, anakwenda mpaka kule na kurudi bila sababu, watu watasema nini? Watasema anazurura, au nimemfukuza, au ana lake jambo. Nikamwambia baada ya Idi. Baada ya Idi zikaja harusi. Baada ya harusi ikaja Maulidi. Mwezi wa kupima mkojo ukapita, sikumrudisha, na yeye hakunikumbusha. Nasema hivyo kana kwamba ilikuwa kazi yake kunikumbusha.

Ndipo mkataba wa mshauri wa barabara ukaisha. Madamu aliniita nimalizie magauni ya safari, na siku ya mwisho akanipeleka kwenye kile chumba cha pembeni. Alisema mashine haiwezi kupanda ndege, na kwamba amefikiri sana nani anaistahili. Ni mke wangu. Hakuwahi kumwona, lakini matundu yake ya vifungo alikuwa anayaonyesha wageni, na alijua mtu hawezi kushona vile bila kukaa kutwa. Nimwambie atumie robo saa asubuhi na robo saa jioni, atakuja kumshukuru. Macho yake yalikuwa na machozi. Mwanamke yule alikuwa na roho nzuri kuliko yangu, ndiyo maana niliweza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa miaka yote ile.

Ningeweza kukataa. Ningeweza hata kuipokea nikaiuza njiani. Lakini nilipokuwa nimekaa nyuma ya pikapu iliyoileta Biryogo, nimeishika nguzo isianguke, nilipata wazo, na nakumbuka nililifurahia. Hapa ndipo penye dawa. Muuguzi anataka mama atembee, na mimi ninataka vifungo. Mashine hii inatembeza mtu amesimama, hatua mbili kutoka kwenye mkeka wake.

Nilijua kuwa haifanyi kitu. Katika Kigali nzima mtu aliyejua vizuri kuliko wote alikuwa mimi, kwa sababu kila kidole ilichopunguza nilikipunguza mimi kwa mkasi na uzi. Na bado nilisimama katika kile chumba cha nyuma, majirani wamejaa mlangoni kutazama, nikayarudia maneno ya madamu moja baada ya jingine. Damu inalala, inaamka. Robo saa ni mlima mzima. Nikamwambia mke wangu, wewe mwenyewe umeshika yale magauni, umeona alivyopungua.

Alinitazama kitambo. Kisha akavua kandambili, akapanda.

Umeme ulikuwa umeingia kwetu si zamani, na mashine ilipowaka taa ya chumbani ilififia. Majirani walicheka mpaka wakashikana. Siku za kwanza mtaa mzima ulitaka kupanda, na wazee wa barazani walitoa maoni yao kuhusu mambo ya Wazungu. Kisha wakachoka, ikabaki ya mke wangu peke yake. Nilikuwa nimeiweka kwenye kona iliyokuwa tupu, chini ya kidirisha kilichoelekea barabara ya Nyamirambo. Aliposimama juu ya bamba, kichwa chake kilifika kidirishani.

Aliipenda kuliko nilivyotarajia. Robo saa ikawa nusu, nusu ikakaribia saa. Niliusikia mngurumo ule kutoka barazani nikaridhika, nikawaambia wateja kuwa mke wangu yuko kwenye mazoezi, kama wake wa mabalozi. Mashine ikiwa inanguruma sikumpelekea kazi. Niliona si adabu kumkatisha mtu dawa yake. Mara nyingine umeme ulikatika, na nilipoingia kuchukua pasi nilimkuta bado amesimama juu ya bamba, mkanda kiunoni, kimya, anatazama nje.

Siku moja nilimtania. "Umeme umekwenda. Sasa unatikiswa na nini?"

"Nangoja urudi," alisema, bila kugeuka.

Niliwasimulia wenzangu barazani, tukacheka.

Miguu haikupungua. Alipoulizwa alisema si haba. Mimi niliupenda sana huo si haba, kwa hiyo niliuliza mara chache. Ganzi ilipanda kutoka vidoleni mpaka kwenye kifundo, na nyumba ya fundi, hata uifagie vipi, ina pini sakafuni. Alikanyaga pini. Siku gani hakujua, kwa sababu hakuisikia. Alitembea nayo na kusimama nayo juu ya lile bamba, linamtetemesha asubuhi na jioni, pini iko ndani. Aliyegundua alikuwa jirani aliyekuja kumsalimia akauliza harufu ile ni ya nini.

Tulipofika hospitali kidole kilikuwa cheusi na wekundu umepanda hadi muundini. Daktari aliuliza maswali ambayo yule muuguzi alikuwa ameshayauliza. Kiu? Tangu lini? Ganzi? Tangu lini? Akapima, akasema ni sukari, na si ya juzi. Alizungumza nami kwa upole, na ningependa asingefanya hivyo. Alisema mke wangu angekuja mapema, akala kwa mpango, akatembea, wangeweza kufanya mengi. Sasa cha kufanya kilikuwa kimoja. Waliukata mguu wa kulia chini ya goti.

Nilimrudisha nyumbani kwa ile ile pikapu iliyoleta mashine. Nilishikilia mkongojo usianguke. Mwendo nilioupelekea posa Rwamagana ulikuwa umeishia pale, na barazani watu walisimama wakanipa pole mimi.

Nilikaa na jambo lile kifuani wiki nzima. Nilifikiri nikilisema litapungua. Alasiri moja niliacha cherehani, nikaingia nyuma, nikakaa kwenye mkeka mbele yake, mahali ambapo kwa miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa sijawahi kukaa zaidi ya kuonyesha kitambaa. Nikamwambia yote. Kwamba madamu hakupungua hata unyuzi. Kwamba niliachia mishono. Kwamba mashine ni upuuzi, niliijua kuwa ni upuuzi siku niliyoipandisha kwenye gari, na nilimpa yeye ili asitoke nje akaacha vifungo. Nilikuwa nalia. Nilitaka anilaani, ili nipate kitu cha kuvumilia.

Alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano. Alimaliza kwanza.

"Fundi," alisema, maana ndivyo alivyoniita siku zote, "mimi nilijua tangu ile gauni ya kijani. Vitundu vya mshono ya zamani viko mule ndani. Nani alivifunika na bitana kama si mimi?"

Sikuwa nimewaza hilo hata mara moja. Nguo zote zilipita mikononi mwake, na mshono ukifumuliwa unaacha mstari wa vitundu ambao kipofu anaweza kuusoma kwa kidole. Alijitia hamnazo miaka yote ile, na mimi nikamwita mke asiye na maswali. Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini alipanda. Kwa nini saa nzima, asubuhi na jioni.

"Pale juu hukuniita," alisema. "Nikisimama tu kwa dirisha, unaniletea vifungo. Nikisimama kwa mashine, unasema acha mama afanye dawa. Basi nilisimama, niliona barabara, niliona watu wanatembea." Akafunga fundo mwisho wa uzi. "Ilikuwa nzuri."

Mashine ilikuwa bado kwenye kona, mkanda unaning'inia, na barabarani mtu alikuwa anapita anapiga mluzi. Kutoka mkekani alipokaa, kidirishani ilionekana mbingu tu.

Halafu akauliza lile gauni la bibi harusi limefika wapi, kwa kuwa harusi ilikuwa Jumapili na vifungo vya mgongoni vilikuwa bado. Nikamwambia liko mbele, mezani. Akanyoosha mkono. Nilijua kitu ninachopaswa kusema, acha, vifungo hivyo nitavishona mimi, na maneno hayo yalikuwa mepesi. Nikaenda mbele, nikalichukua, nikampa.